Kasi Imepungua, Shabaha Imetulia: Rifle Yangu ya Upepo ya .457

Ukimwambia mtu una bunduki ya upepo ya kaliba kubwa, swali lake la kwanza ni lile lile: inapiga kwa nguvu kiasi gani? Mtutu wa yangu una kipenyo cha inchi .457, yaani kama milimita 11.6, kwa hiyo swali hilo nalielewa. Lakini mwaka huu wote nimekuwa nikishughulika na swali jingine, ambalo naona ndilo lenye maana kwa anayelenga shabaha: risasi ya tano inatua wapi ukilinganisha na ya kwanza?

Kazi niliyoifanya imenipunguzia kasi, na nimeridhika nayo kabisa. Nitaeleza kwa nini.

Kwanza niyamalize ya sheria, maana kila mara kuna kijana anayeniuliza kama "ya upepo" maana yake haina karatasi. Sheria ya Silaha ya Kenya, Sura ya 114, inahesabu kuwa silaha chombo chochote chenye mtutu kinachoweza kufyatua risasi na kuua. Rifle ya .457 inaua, hilo halina ubishi. Risasi yake inatoka na nguvu zaidi ya maradufu ya ile ndogo ya baruti ya .22. Basi cheti kwanza, kabati la chuma lenye kufuli, na kazi ya kufungua na kubadilisha vipuri ifanywe kwa fundi wa silaha mwenye leseni, si juakali. Kuhusu uwindaji, nchi hii iliupiga marufuku mwaka 1977. Mimi napiga karatasi, mbele ya tuta refu la udongo, kwenye uwanja wa shabaha upande wa Kiambu, na sijawahi kutamani kingine.

Sasa tuingie ndani ya chuma.

Bunduki hii haina baruti. Ina chupa ya hewa iliyoshindiliwa, vali, na nyundo inayosukumwa na springi. Ukivuta traiga, nyundo inaachiliwa, inagonga kijiti cha vali, vali inafunguka kwa muda mfupi mno, hewa inakimbilia nyuma ya risasi na kuitupa mbele. Ni hayo tu. Na wala si uvumbuzi wa jana. Jeshi la Austria lilikuwa na rifle ya upepo ya Girardoni tangu miaka ya 1780, kaliba yake karibu na hii yangu, kitako chake ndicho kilichokuwa tangi la hewa, na askari alilazimika kupiga pampu kama mara 1,500 kulijaza. Mpelelezi wa Kimarekani Meriwether Lewis alibeba bunduki ya upepo alipovuka Amerika Kaskazini na William Clark kati ya 1804 na 1806, akawa anawaonyesha wenyeji wa kule namna inavyofyatua bila moshi. Nikiwafikiria askari wale na pampu zao mikono inaniuma, na mbele kidogo mtaona sababu.

Kazi yangu ya mshahara ni kutunza kompresa katika kiwanda kimoja cha vinywaji huku Industrial Area. Presha ni jambo ninaloliishi kutoka saa mbili asubuhi. Ndiyo maana kitu cha kwanza nilichofanya, kabla ya kununua kipuri hata kimoja, kilikuwa kupima bunduki ilivyo. Ukibadilisha kabla ya kupima, baadaye huwezi kujua ulichonunua kimekupa nini.

Nilitumia kronografu, yaani kipima kasi ya risasi, ya rada, ile inayokaa kando ya mtutu. Zile za macho, zenye miguu miwili na kivuli juu, zinanisumbua huku kwetu saa sita mchana jua likiwa utosini. Risasi zilikuwa za greni 300, ambazo ni gramu 19.4, na chupa niliijaza hadi baa 250 (baa ni kipimo cha presha). Kasi zilitoka hivi, mita kwa sekunde: 233, 240, 239, 232, 224, 215.

Tazama ya kwanza. Chupa imejaa pomoni, na bado risasi ya kwanza ni ya polepole kuliko ya pili. Watu wengi hapo hudhani mashine imekosea. Haijakosea. Presha ikiwa juu sana, hewa yenyewe inaikandamiza vali ijifunge, nyundo inaigonga lakini haiwezi kuifungua vya kutosha. Presha ikishuka kidogo nyundo inapata nafasi yake, kasi inapanda. Baadaye hewa inaanza kupungua kweli, na kasi inaporomoka. Ukiichora kwenye karatasi unapata kilima.

Kilima hicho kina gharama. Tofauti ya 240 na 215, kwa umbali wa mita 50, ni kama sentimita 5 za kushuka. Ukienda mita 100 inakuwa zaidi ya sentimita 20. Yaani mpigaji ameshika vizuri, amepumua vizuri, amevuta traiga vizuri, na risasi ya sita inatua nje ya karatasi kwa sababu isiyomhusu. Hakuna mazoezi yanayoweza kulitibu hilo.

Nilimpelekea fundi karatasi yangu ya vipimo. Ni mzee wa makamo ya baba yangu, amefanya kazi hii tangu zamani, na hapendi maneno mengi. Aliisoma, akaikunja, akaniuliza:

"Kijana wangu, unataka iende mbio ama unataka iingie mahali pamoja?"

"Mahali pamoja, mzee."

"Basi tutaifunga spidi kidogo. Usije ukanilaumu."

Sijamlaumu. Alichofunga ni regyuleta. Mwenye jiko la gesi nyumbani anaijua kazi yake: mtungi una presha kubwa inayobadilika, jiko linapata presha ndogo isiyobadilika. Ndani ya regyuleta ya bunduki kuna pistoni na safu ya washa za chuma zilizobinuka kama visahani, zimepangwa zikitazamana. Namna unavyozipanga na kuzikaza ndivyo unavyoamua presha itakayopita. Tuliiweka kwenye baa 180. Chupa nayo ikabadilishwa, tukaweka ya nyuzi za kaboni yenye ujazo wa sentimita za ujazo 580, nyepesi kuliko ile ya zamani ya chuma, jambo ambalo bega langu lilikubali mara moja.

Kuna kitu kimoja kwenye kaliba kubwa ambacho wenye rifle ndogo za .177 hawakijui sana. Regyuleta ina tundu jembamba. Haiwezi kupitisha hewa yote inayohitajika wakati vali imefunguka. Hewa ya kufyatua lazima iwe imekwisha kungoja, baada ya regyuleta na kabla ya vali, ndani ya chemba yake. Chemba ikiwa ndogo, risasi inaanza safari na baa 180, lakini kabla haijafika mdomo wa mtutu presha imeanguka vibaya. Kwa pelleti, ile risasi ndogo isiyofika hata gramu moja, chemba ndogo inatosha. Kwa kipande cha risasi cha gramu 19 haitoshi hata kidogo. Kwa hiyo fundi alitengeneza chemba ndefu kwenye lezi, mashine ya kuchongea chuma, akaipima kwa presha ya maji kabla ya kuweka hewa. Hilo la maji nalisisitiza kwa yeyote anayesoma: chombo kipya cha presha hupimwa kwa maji, kwa sababu maji hayashindiliki kama hewa. Kikipasuka, kinavuja na kunyamaza. Hewa ikipasua chuma, chuma kinageuka risasi.

Oringi, zile pete za mpira za kuzuia hewa isivuje, zilinipa safari. Nilianzia Kirinyaga Road, ambako sijawahi kukosa kipuri. Muuzaji alinitolea boksi zima, za kila saizi. Nikamwambia ni za baa 250. Akalifunga boksi.

"Hizi ni za pampu za maji, bosi. Hiyo presha yako wachana nazo. Nenda kwa watu wa haidroliki."

Muungwana yule, angeweza kuniuzia tu. Nilikozipata ni duka la vipuri vya haidroliki, Industrial Area, na cha kuuliza pale ni ugumu wa mpira. Oringi za kawaida ni za ugumu wa 70. Kwenye presha hii zinasukumwa zikaingia kwenye mwanya kati ya chuma na chuma, zinakatwa kidogo kidogo, kisha bunduki inaanza kuvuja usiku. Za ugumu wa 90 zinakaa. Grisi iwe ya silikoni. Mafuta ya kawaida ya petroli kwenye hewa yenye presha kubwa yanaweza kuwaka yenyewe, na kwa sababu hiyo hiyo mtungi wa oksijeni wa mchomeleaji usiukaribie hata kwa utani. Oksijeni safi, presha na grisi ni mlipuko. Kazini nimewahi kuona kilichofanywa na tone la mafuta mahali pasipostahili, na sitaki kukiona tena.

Baada ya kufunga kila kitu, bunduki ililala kabatini ikiwa na hewa, bila risasi. Hiki ni kipimo kisichokuwa na raha yoyote lakini ni cha lazima. Unaandika geji ya upande wa regyuleta jioni, unaiangalia asubuhi. Ikiwa imepanda kutoka 180 hadi 190, regyuleta inavujisha taratibu kuelekea kwenye chemba, na risasi ya kwanza ya kila siku itakuwa tofauti na zinazofuata. Yangu ilibaki pale pale, sindano haikucheza.

Kisha uwanjani. Risasi zile zile za greni 300, chupa baa 250: 221, 222, 220, 221, 221, 220. Ya saba ikashuka hadi 216, kwa kuwa hapo presha ya chupa ilikuwa imefika chini ya ile ya regyuleta na haikuwa na kitu tena cha kudhibiti.

Nitayaeleza kwa nguvu, maana ndilo swali la watu. Kilele cha zamani, 240, kilikuwa joule 560. Sasa ni 475. Nimepoteza karibu asilimia 15. Nilichopata ni kwamba tofauti ya mita 2 kwa sekunde, kwa mita 100, ni kama sentimita 2 tu za kushuka badala ya zile 20 na ushei. Karatasi haijui joule. Anayepinga biashara hii aniambie anapiga nini kinachohitaji joule 85 za ziada, maana mimi sijakiona.

Hapa nataka kukaa kidogo kwenye jambo la Nairobi, kwa sababu maelekezo mengi tunayoyasoma yameandikwa na watu wa nyanda za chini.

Jiji letu liko takriban mita 1,700 juu ya bahari. Presha ya hewa hapa ni kama asilimia 82 au 83 ya ile ya Mombasa. Jambo la kwanza linalofuata ni jasho. Kila mpigo wa pampu ya mkono unavuta hewa nyepesi. Kujaza chupa yangu kutoka tupu hadi baa 250 ni kama lita 145 za hewa ya pwani. Huku juu lazima uvute karibu lita 177 kupata hewa ile ile. Kijitabu kinachosema idadi fulani ya mipigo inatosha hakikuandikwa kwa ajili ya mtu wa Kasarani. Mpwa wangu, ambaye ni kijana wa mazoezi na ana kifua, alijitolea kupampu. Alipofika baa 200 akasema, "Mjomba, hii ni adhabu." Siku hizi natumia silinda kubwa ya hewa ya kupumulia, ile ya wazima moto, ninayojaziwa na kampuni inayohudumia vifaa vyao. Hewa yake imechujwa na kukaushwa, ambayo ni faida kubwa kuliko hata kupumzisha mikono. Hewa ya miezi ya mvua, Machi hadi Mei, imejaa unyevu. Ukiishindilia, unyevu unageuka maji ndani ya chupa na kuanza kula vali. Kama lazima upampu, weka kichujio cha kukausha, na chembe zake zibadilishwe zinapogeuka rangi, si unapokumbuka.

Jambo la pili ni zuri. Hewa nyepesi inaizuia risasi kidogo. Kipande kizito na butu kama hiki kinapoteza kasi kwa haraka kinaposafiri, na hapa kinapoteza kwa kiasi kidogo kuliko kingepoteza Mombasa, kwa hiyo kinashuka kidogo pia. Ukibeba mipangilio ya darubini uliyotengeneza Nairobi ukaenda nayo pwani, utapiga chini.

La tatu limewachanganya wenzangu kadhaa. Programu za simu za kukokotoa mwendo wa risasi zinauliza presha ya hewa. Mtu anafungua hali ya hewa kwenye simu, anaona hektopaskali 1,018, anaiandika. Ile si presha ya Nairobi. Wataalamu wa hali ya hewa huirekebisha iwe kana kwamba mji uko usawa wa bahari, ili ramani zao zilinganishike. Presha halisi inayokuzunguka hapa ni kama hektopaskali 830. Programu nyingi zina sehemu ya kuchagua: ama uandike ile iliyorekebishwa pamoja na mwinuko wa mahali, ama uandike presha halisi na uzime mwinuko. Ukichanganya hizo mbili, programu inakupa majibu ya mji ambao haupo.

Nimebakiza mtutu, na nilikuwa karibu kuusahau kwa jinsi hewa inavyonisisimua. Fundi alisukuma kipande cha madini laini ya risasi kutoka nyuma ya mtutu hadi mdomoni kwa fimbo ya shaba, polepole, akakipima kwa maikromita. Kilitoka inchi .4575. Hapo ndipo unajua risasi ya kununua. Nilikuwa napiga za .457, ambazo zinaacha mwanya mdogo mno usioonekana, ila hewa inauona. Inapita kando ya risasi, na risasi inayumba kabla ya kuushika mzunguko wa mifereji iliyochongwa ndani ya mtutu. Nikajaribu za .458 na za .459. Za .459 zilikuwa ngumu kuingia, nazo kasi yake ilikuwa inarukaruka. Za .458 zilitulia. Kwa mita 100, juu ya benchi na mifuko ya mchanga, kundi la risasi tano lilikuwa linatawanyika kama sentimita 11 na zile za zamani, hata baada ya regyuleta. Kwa za .458 lilikusanyika ndani ya sentimita 5. Regyuleta iliondoa mchoro wa kushuka, wima. Saizi ya risasi ndiyo iliyoondoa mtawanyiko wa kando. Kama fedha zako ni za kitu kimoja, anza na risasi. Pakiti mbili tatu za saizi tofauti ni bei ndogo mno ukilinganisha na regyuleta, na hazihitaji kufungua chochote.

Darubini sikuibadilisha. Traiga nayo fundi aliisafisha tu. Niliikataza isiguswe zaidi, kwa kuwa traiga nyepesi kupita kiasi kwenye silaha ya nguvu hii siitaki karibu yangu wala karibu ya mtu ninayempenda.

Watu wa uwanjani wameniuliza kama sasa nitapandisha regyuleta hadi baa 200 nirudishe ile kasi. Nyundo ingebidi iongezewe springi, risasi kwa kila kujaza zingepungua hadi nne au pungufu, na kundi halingekuwa bora. Sitapandisha. Ninachosubiri ni Julai. Mpaka sasa vipimo vyote nimevifanya kwenye nyuzi 25 au 26. Asubuhi ya baridi ya Kiambu, nyuzi 14 hivi, chupa iliyojazwa baa 250 kwenye joto itasoma kama 240, na hewa iliyo kwenye chemba nayo itakuwa nzito zaidi kwa presha ile ile. Regyuleta inapaswa kuizima sehemu kubwa ya tofauti hiyo. Mpira wa oringi unakakamaa kwenye baridi, washa nazo zinabadilika kidogo, kwa hiyo nitaijaza jioni, nitaiacha ipoe usiku kucha, na nitapima upya kwa risasi zile zile za .458 kabla jua halijatoka vizuri.